Yule Binti Aliyeinama

Asiatique, 14 Aprili 2025

Mwalimu Chanelle,

Salamu zangu zikufikie huko Nyakabiga kabla mvua haijazilowesha. Mimi ni mama yake Tahani. Hatujaonana, ila nakujua kwa miguu ya mwanangu, maana kila jioni anatoka kwako imevimba na mi ndiye ninayeichua.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu audio za simu sizipendi. Nikifungua audio hapa dukani inasikilizwa na wateja, na jirani, na muuza maandazi wa ng'ambo ya barabara. Jambo la mtoto wa kike huandikwa, hutiwa kwenye bahasha, bahasha ikalambwa. Anayekuletea ni Tahani mwenyewe, na nimemwambia akiifungua nitajua.

Sasa. Tahani ameniletea kopi ya ule mchoro mnaotengenezea ngoma yenu. Anasema ni mchoro wa penseli, wa Ufaransa ya karne ya kumi na tisa, wachezaji wakiwa nyuma ya pazia kabla ya kutoka mbele za watu. Mwenye nao ni Bwana Valéry wa Kinindo, yule anayewalipia ukumbi. Nimeusimamisha juu ya kaunta, nakata vitambaa huku nautazama. Mwanzo nilisema astaghfirullah, mabega yote nje! Halafu nikazoea. Mmoja anabana nywele, mmoja anapiga miayo, mmoja kainama anafunga kiatu. Nikaona hawa ni wanawake wanaovaa tu, kama sisi ndani kabla ya harusi.

Lakini pembeni kuna mwanaume. Koti jeusi, kofia ndefu, nusu yake imemezwa na pazia. Nikajiuliza, huyu anafanya nini humu? Kwetu sisi, mwanaume anayeingia wanawake wakivaa ni maharimu wao tu: baba, kaka, mjomba wa damu. Mwingine akitia pua anatoka na kiatu kichwani. Basi nikaelewa. Ni baba wa mmoja wao, amewekwa awalinde. Ndiyo maana yule binti kainama, ni adabu, mbele ya baba hukodoi macho.

Shemeji yangu Faris, baba mdogo wa Tahani, ndiye msimamizi wake tangu baba yake afariki, na ngoma hii hajaipenda hata siku moja. Nimemwonyesha mchoro nikamwambia, tazama, hata Wazungu wa zamani waliweka baba mlangoni. Amekaa, amefikiri, akasema: kama na hao wa Nyakabiga wataweka mwanaume mtu mzima wa heshima nyuma ya pazia, Tahani acheze. Wasipoweka, arudi nyumbani.

Chanelle mwanangu, baba yake alipokufa mtoto huyu hakulia, alinyamaza. Kimya kile kilinitisha kuliko msiba. Kwako ndiko alikorudi kucheka. Sitaki kumtoa. Tafuta huyo mtu.

Nafisa


Nyakabiga, 17 Aprili 2025

Mama Tahani,

Amahoro. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nimekaa nikaisoma tena. Mi sijaandika barua tangu shule, basi ukiona makosa unisamehe.

Asante juu ya kuchua ile miguu. Tahani ni mukali kuliko bote, na sisemi hivi juu ya kuwa we ni mama yake. Spektakle, ile siku ya kucheza mbele ya batu, ni tarehe 24 ya mwezi wa tano, siku ya Jumamosi. Yeye njo atacheza ule binti anainama. Bengine banatembea, banaruka, banabana nywele, yeye anabaki chini katikati yabo mpaka taa zizime. Kila mutu anafikiri kuinama ni rahisi. Apana. Ukiinama vibaya batu banaona mgongo tu, Tahani akiinama unaona mutu.

Ule mwanaume wa pembeni, nikuambie ukweli, sikuwahi kumutazama sana. Nilifikiri ni mwenye ukumbi ao ni mwalimu wabo. Mi macho yangu iko kwa ule binti. Mi naona amechoka. Miguu inamuuma, anajua bado kidogo atoke mbele, anaiba dakika. Nimekaa hivyo mara nyingi, na mi ni muchezaji.

Mutu wa heshima tumepata! Nilimuuliza Bwana Valéry mwenyewe. Ana mvi, ana bibi yake, ana bajukuu, Kinindo yote banamujua. Kabla sijamaliza kuuliza alikubali. Alisema ataweka kiti chake nyuma ya rido, lile pazia, na atakaa na batoto kila repetisyo tukifanya mazoezi, na siku ya spektakle pia. Mwambie Baba Faris atulie.

Chanelle


Asiatique, 2 Mei 2025

Mwalimu Chanelle,

Mungu akuzidishie wewe, na huyo Bwana Valéry amzidishie mara mbili. Faris ametulia. Amesema hata yeye angependa kumwona huyo mzee siku moja amshike mkono.

Na hili la gari! Mji mzima hauna esansi ya magari, watu wazima tunatembea jua kali kama mbuzi wa mnada, na yeye anawarudisha mabinti nyumbani kwa gari lake. Tahani anasema huanza kuwapeleka wenzake wa Carama kwanza, ndiyo maana anachelewa. Nikasema mtu huyu ana moyo, wangapi wangeunguza esansi yao kufika Carama siku hizi? Jana nimewaona wakipita mbele ya duka, wenzake nyuma, Tahani kiti cha mbele. Nikawapungia kitambaa cha kijani nilichokuwa nakata. Bwana akanipigia honi kwa heshima zote. Mwanangu hakunyanyua hata kidole. Aliporudi nimemgombeza, nikamwambia ukubwa huo umeutoa wapi, wa kumwona mama yako barabarani ukageuza uso?

Siku hizi hajibu. Anakula kama ndege, na miguu akija kuchuliwa anaikunja haraka. Najiambia ni hofu ya spektakle. Ni hofu, sivyo? Kila kitu kiko sawa, nakihesabu kimoja kimoja na kiko sawa, na bado roho yangu haikai mahali. Nashona, nafumua. Jana nimemshonea mteja mkono wa gauni upande wa nje. Wewe upo naye saa nyingi kuliko mimi, niambie unamwonaje.

Jambo lingine, Faris anauliza yule mwanaume wa mchoro alikuwa nani hasa, maana ameanza kuwahadithia watu msikitini habari za Wazungu wenye adabu. Muulize Bwana Valéry, yeye mwenye mchoro atajua.

Nafisa


Nyakabiga, 9 Mei 2025

Mama Tahani,

Nilichelewa kujibu, nisamehe, kazi ni mingi na umeme unakatika.

Nilimuuliza Bwana Valéry. Alisema ni mambo ya zamani sana. Ule mwanaume alikuwa mutu wa karibu na bachezaji, mutu wa kubasaidia. Kama vile ulisema. Hapa chini nimefuta maneno, usijali, kalamu ilikuwa inavuja.

Tahani anacheza vizuri. Kama amenyamaza usimusumbue na maswali, muchezaji akikaribia siku anafungaka mudomo. Mi pia nafanyaka hivyo.

Nguo ya kuchezea umeshonea Tahani ni nzuri sana, mikono mirefu inakaa vizuri.

Chanelle


Nyumbani, 13 Mei 2025

Mama,

Nakuandikia niko chumba cha pili, nasikia cherehani yako. Ningeweza kuja nikakaa karibu na wewe nikasema. Nimejaribu jana, nimejaribu na juzi, mdomo unakataa. Maneno kama haya binti huyapeleka kwa shangazi, shangazi ndiye humfikishia mama, na mi shangazi sina. Basi soma, kisha usiniite. Nitakuja mwenyewe.

Yule mwanaume wa kwenye mchoro si baba wa mtu. Bwana Valéry ametuambia kwa mdomo wake, siku Chanelle alipomuuliza. Kwanza alicheka. Akasema kule zamani matajiri walikuwa wanalipia ukumbi msimu mzima, na kwa malipo hayo wanapewa ruhusa ya kuingia nyuma ya pazia, kuwatazama wasichana na kuchagua. Akasema wasichana wengi walikuwa watoto wa maskini, na mama zao walijua wakanyamaza. Halafu akasema, "Na hapa anayelipa si mimi?" Akaniangalia. Wote wakacheka. Chanelle alikuwepo.

Kuhusu gari. Umenigombeza sikukupungia. Mama, kutoka ukumbini mpaka dukani kwetu ningeweza kutembea, we mwenyewe unajua. Yeye anapita mbele ya duka hasimami, anaenda Carama kuwateremsha wenzangu wote, kisha anarudi na mimi peke yangu. Siku ile ulipopunga kitambaa, mkono aliokupigia honi ni mmoja. Mwingine ulikuwa juu ya goti langu.

Hajafanya zaidi ya hapo, nakuapia kwa Mungu. Lakini kila siku mkono unakaa zaidi, na juzi amesema baada ya spektakle nitaenda naye Kinindo nikauone mchoro wenyewe.

Na yule binti aliyeinama. Wewe unasema ni adabu, Chanelle anasema amechoka. Mi nimemtazama kuliko nyote kwa sababu ndiye ninayemcheza. Mama, kamba ya kiatu chake imeshafungwa. Chukua ile kopi uangalie, fundo linaonekana. Hafungi kitu. Ameinama ili asiinue uso wakati yule mtu yupo. Najua kwa sababu na mi nafanyaka hivyo hivyo.

Siku ya spektakle tutakuwa tunavaa na yeye atakaa pale, na anayesema wamwekee kiti ni wewe.

Tahani


Asiatique, 14 Mei 2025

Chanelle,

Salamu sina. Barua hii inaletwa na Sulemani, fundi wangu, kwa sababu Tahani hatakanyaga tena huko. Ngoma yako itafutie mgongo mwingine wa kuinama.

Ulisikia. Mtoto anasema ulikuwepo, ukasikia kwa masikio yako mawili, kisha ukakaa ukaniandikia eti "mutu wa karibu na bachezaji". Karibu! Fisi naye yuko karibu na mbuzi. Kalamu ilikuwa inavuja? Kilichovuja ni haya yako, Chanelle, wala haijabaki tone.

Nakutukana wewe, lakini najitukana mimi zaidi. Mi ndiye niliyesema wekeni mwanaume. Wewe hukuwa hata na wazo hilo! Mi ndiye niliyemshawishi Faris, mi ndiye niliyemwombea dua mtu yule kila swala. Nimempungia kitambaa, Chanelle! Mkono wake uko pale, na mi nimesimama mlangoni pa duka langu ninapunga kama mwendawazimu, na kisha nikamgombeza mtoto.

Mwezi mzima nimelitazama lile koti jeusi nikaona baba, kwa sababu sikujua kuna mwanaume mwingine awezaye kusimama pale. Akili yangu iliishia hapo. Nimekula wa chuya kwa uvivu wa kuchagua.

Ile kopi nimeichukua nikaiangalia. Fundo lipo.

Nafisa


Nyakabiga, 16 Mei 2025

Mama Tahani,

Unitukane, ni haki yako, sitajitetea.

Nilisikia. Alipocheka, na mi nilicheka. Njo kitu kinaniuma kuliko bote. Kicheko kilitoka chenyewe, kabla nijue ninacheka nini, juu ya kuwa ukumbi ni yeye, taa ni yeye, ufunguo iko naye. Nilijisemea ni maneno tu, mutu mukubwa anatania. Nilipokuandikia niliandika ukweli, kisha nikaufuta, njo pale uliona. Ile ya gari sikuijua, Mungu ananiona. Mi natokaga kwa miguu, na nikiona batoto banapanda gari nilikuwa ninafurahi, Mana yanje, Mungu wangu, ninasema leo hawatalowa.

Nimejaribu kuweka mwenzake Irène wa Carama mahali pa Tahani. Anainama kama mutu anatafuta sindano. Lakini si hiyo ninakuandikia. Ninakuandikia juu ya kuwa jana yule bwana aliuliza Tahani iko wapi, nikasema ni mugonjwa, akasema si neno, akamwita Irène kukaa kiti cha mbele. Irène ana miaka kumi na saba.

Nilimwambia Irène apana, leo unatembea na mimi paka kwenu. Tumetembea mpaka Carama kwa miguu sisi wawili, mvua inatupiga. Kesho nitafanya nini? Kumwambia asiingie siwezi, nilijaribu kufungua mudomo, sauti haikutoka. Nikisimamisha spektakle, batoto bote banapoteza kazi ya mwaka. Nikiisimamia, yeye atakuwa pale kati yabo banavaa.

We ni mukubwa, umeona mengi. Niambie nifanye nini.

Chanelle


Nyumbani, 18 Mei 2025

Mama,

Siku hizi unanipikia kila ninachopenda, na mlango umefunga. Nimesema ukweli, nikafungiwa mimi.

Yeye leo yuko ukumbini. Amekaa kwenye kiti, wenzangu wanavaa. Kama kuna mtu wa kutolewa nyuma ya lile pazia, ni nani? Mwizi akiingia ndani, hatolewi mwenye nyumba. Nimesikia habari ya Irène pia, na nimeshindwa kula hata huo wali wako wa nazi.

Tangu baba afe sijakuomba kitu. Naomba hiki. Nataka kucheza, na nataka asiwepo. Vyote viwili, Mama, usinichagulie kimoja.

Tahani


Asiatique, 20 Mei 2025

Chanelle,

Nimeisoma yako, na nimesoma ya huyu mtoto anayesema kweli mpaka inachoma. Ya Irène imenikalia kifuani. Nilidhani nikimtoa wangu nimemaliza kazi.

Sikiliza. Wewe hujawahi kuingia harusi zetu upande wa wanawake. Wanapocheza ndani vichwa wazi, mlangoni huwekwa mama mmoja asiye na aibu. Simu anazichukua, pochi anazifungua, na mwanaume akija, hata akiwa bwana harusi mwenyewe, anarudishwa. Mji huu mama huyo ni mimi, tangu nilipokuwa mwembamba mpaka leo ninavyoujaza mlango. Nimeshamrudisha shehe aliyekuja kumtafuta mkewe, sembuse Valéry.

Jumamosi Tahani anacheza. Kiti kile kitoe, mpe mtu mwingine akikalie huko mbele. Mabinti wavae, wewe vaa nao, na mi nitakuwa mlangoni kuanzia wa kwanza anaingia mpaka wa mwisho anatoka. Bwana huyo usimwambie kitu wala usibishane naye. Sauti isiyotoka usiilazimishe, mi ninayo ya kutosha watu wawili. Mpaka siku hiyo, mabinti wote watembee kwa miguu pamoja, na wewe katikati.

Faris sijamwambia. Nikimwambia sasa atamfungia Tahani, hatamfungia Valéry. Na mi nimeshafanya ujinga huo, unatosha mmoja kwa nyumba.

Naogopa lakini. Harusini wananijua, kila mtu ananicheka na kunitii. Huko kwenu ni mtu mkubwa, mwenye ufunguo, na mi ni muuza vitambaa. Mkasi leo unakwenda mshazari.

Mama Tahani


Nyakabiga, 26 Mei 2025

Mama Tahani,

Tangu Jumamosi sijapata nafasi ya kukuandikia, nimelala kama jiwe.

Bwana Valéry alinipigia simu. Anasema ulimutukana mbele ya bageni bake. Amebadilisha kufuli, amechukua taa, hata na viti. Basi hatuna ukumbi. Usijilaumu. Nilipokata simu nilicheka, na mara hii nilijua ninacheka nini. Mama Irène ana bohari ya muchele kule Carama, imekaa tupu, ametuazima. Tumeanza kufagia. Panya ni mingi, lakini hawana ufunguo.

Ulimwambia nini? Mi nilikuwa jukwaani na batoto, sikuona kitu cha mulangoni, na kila mutu ananihadithia namna yake.

Na nina swali lingine, hili njo la kweli. Unajua Tahani alipaswa kubaki ameinama paka taa zizime. Repetisyo zote tulifanya hivyo. Jumamosi hakubaki. Aliinuka. Mgongo kwanza, kisha shingo, kisha uso, polepole, bila kuniambia! Akageuka upande ule wa rido, kule ule mwanaume wa mchoro angekuwa, akatazama. Mi nilisahau hatua zangu, nikasimama kama muti. Batu balinyamaza mpaka nikafikiri tumeharibu, kisha bakasimama bote.

Mi nilikuwa nyuma yake, niliona mgongo tu. Lakini we ulikuwa upande ule ule alioutazama, karibu kuliko bote. Uso wake ulikuwa namna gani? Niambie, nataka kuujua kabla tuicheze tena.

Chanelle


Asiatique, 28 Mei 2025

Chanelle mwanangu,

Sikumtukana. Ningemtukana ungesikia hukohuko jukwaani.

Alikuja na suti nyeusi, manukato yamemtangulia, maua mkononi, na marafiki zake nyuma. Akasema, "Bonsoir Mama, nipishe." Nikamuuliza, "Bwana, we ni baba wa nani humu?" Akasema yeye ndiye anayelipa. Nikamwambia sijauliza anayelipa, nimeuliza baba wa nani. Akacheka, akawageukia wenzake wacheke naye. Chanelle, hakucheka mtu. Mama Irène alikuwa kasimama pale na mwavuli wake, anamtazama tu. Akatoa ufunguo. Mi nikauegemea mlango kwa ndani, ukiwa nusu wazi, kwa uzito wote niliojaaliwa na Mungu, nikamuuliza tena, safari hii kwa sauti ya harusini. Wakaanza kugeuka watu hata wa barabarani. Akayaweka maua chini, akaondoka.

Faris nimemwambia juzi, yote, na la kitambaa pia. Aliisukuma chai pembeni. Kisha akauliza hiyo bohari ya Carama ina mlango wa namna gani. Jumapili atakuja na komeo.

Sasa swali lako. Nimelizunguka tangu asubuhi.

Sikumwona, Chanelle. Mlango ulikuwa mbele yangu na jukwaa liko mgongoni. Niliogopa nikigeuka kidogo tu, yule mtu atarudi. Nilisikia miguu yenu. Nikasikia kile kimya, nikadhani mwanangu ameanguka, nikauma midomo, na bado sikugeuka. Halafu makofi. Watu wote wa ukumbi ule wamemwona mwanangu akiinuka isipokuwa mimi niliyemzaa.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilimficha kwamba sikumwona. Nimemficha mpaka jana, barua yako ilipofika. Nikaona nisipouliza nitapasuka. Nikamwambia, "Tahani, ulipoinuka ulikuwa unatazama nini?" Akaniambia, "Mgongo wako, Mama."

Nimelia, na mi si mtu wa kulia. Huko Carama mlango ashike mtu mwingine. Safari hii nataka kumwona.

Nafisa